Mtungi wa gesi unapozima alfajiri ya Juni, mara nyingi bado una gesi

Mtu akihamia Lubumbashi kutoka Kinshasa, mwezi wa Juni ndio unaomfundisha mji huu. Tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na kuanzia katikati ya Mei hadi Agosti mvua hakuna, upepo mkavu unabeba vumbi jekundu, na alfajiri joto linashuka chini ya nyuzi 10. Zipo asubuhi za Juni na Julai ambazo linafika 7 au chini ya hapo. Saa hizohizo ndizo kila nyumba inazotaka moto: maji ya kuoga, chai, uji wa watoto kabla ya shule. Na saa hizohizo ndizo moto wa gesi unaposinzia. Unaanza vizuri, unapungua, unabaki vidoti vya bluu kuzunguka jiko, kisha unazima. Mama wa nyumba anatikisa mtungi, anauona mwepesi, anamwita kijana: peleka wakabadilishe.

Ninaandika kwa ajili ya mama huyo. Napika kwa gesi nyumbani, na alfajiri nakaanga mandazi ya kuuza, kwa hiyo saa yangu ya kazi ndiyo saa ya baridi kuliko zote. Majira haya nimepima mitungi mingi ya ndugu na majirani waliosema imekwisha, na mara kwa mara nimekuta kilo nzima au zaidi imebaki ndani. Hiyo ni pesa ya chakula cha nyumba inayorudi dukani bila mtu kujua, na anayeuza hawezi kukurudishia.

Sababu inaeleweka ukijua kilichomo. Ndani ya mtungi gesi imeshindiliwa hadi imekuwa kimiminika. Kinachopanda kwenye mpira na kuwaka jikoni ni mvuke wake tu. Kimiminika hakigeuki mvuke bure, lazima kipate joto, kama mwili wa mtu aliyetoka kuoga akasimama penye upepo: maji yanakauka, na yakikauka yanaondoka na joto lake. Kwenye mtungi, joto hilo linatoka kwanza kwa kimiminika chenyewe, halafu kwenye chuma, halafu kwenye hewa iliyouzunguka. Mchana hewa ikiwa na nyuzi 25, joto linaingia upesi na huoni tofauti. Alfajiri hewa ikiwa na nyuzi 8, joto linaingia polepole kuliko linavyotumika. Mtungi unapoa kuliko hata hewa ya nje, presha inashuka, moto unafuata. Weka kiganja chini kabisa ya mtungi baada ya kupika nusu saa na moto mkubwa: utahisi baridi ya chuma ambayo hukuiacha pale ulipowasha.

Halafu kuna aina ya gesi yenyewe. Gesi ya mtungi ni butani, au propani, au mchanganyiko wa hizo mbili. Propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi ya Lubumbashi haiisumbui hata kidogo. Butani inachemka karibu na sifuri. Kwenye nyuzi 20, presha ya propani ni kama mara nne ya presha ya butani. Mchanganyiko unapotumika, propani ndiyo inayotangulia kutoka, kwa kuwa ni nyepesi kugeuka mvuke. Mtungi ulioanza ukiwa na nguvu unamalizikia kwenye butani. Na kadiri kimiminika kinavyopungua, sehemu ya chuma inayokigusa nayo inapungua, kwa hiyo njia ya joto kuingia inakuwa ndogo zaidi.

Ukiyaweka pamoja utaona kwa nini tatizo halitokei mtungi ukiwa mpya. Baridi, butani iliyobaki, na kimiminika kidogo kilicholala chini vinakutana mwishoni, wakati uleule ambao mtu tayari anatarajia gesi iishe. Moto ukizima haoni sababu ya kuuliza zaidi.

Basi ushauri wangu wa kwanza: pima. Kutikisa hakutoshi, na kubisha chuma kwa kidole kusikiliza sauti nako hakutoshi. Kila mtungi una uzito wake mtupu umechapwa kwenye chuma, ama kwenye ukosi ule wa kushikia, ama kwenye kibati kilichochomelewa karibu na koki. Tafuta neno TARE au herufi T na namba ya kilo. Kama rangi imeifunika, ikwangue taratibu kwa kijiko. Kisha utundike mtungi kwenye mizani. Wauzaji wengi wa unga, maharagi au samaki sokoni wana ile ya kuning'iniza, na sijawahi kukataliwa nikiomba kwa heshima. Toa uzito mtupu, kinachobaki ni gesi. Tuseme chuma kimeandikwa kilo 13.4 na mizani inasema 15.6: una kilo 2.2 za gesi. Jiko kubwa likiwashwa hadi mwisho linakula kama gramu 200 na kitu kwa saa. Kilo 2.2 ni saa 8 au 10 za moto mkubwa, na karibu mara mbili ya hapo ukipika kwa moto wa kati. Andika uzito mtupu kwa rangi au kalamu isiyofutika upande unaouona, ili usikwangue tena.

Kama mizani iko mbali, kuna njia ya mkono. Mwagia ubavu wa mtungi maji ya uvuguvugu kutoka juu hadi chini, ngoja kidogo, kisha pitisha kiganja. Sehemu ya juu itakuwa na joto, na mahali fulani mkono utakutana na mstari wa baridi. Hapo ndipo kimiminika kilipo. Haikupi kilo, lakini inakuambia kama kuna kitu au hakuna.

Sasa jambo ambalo kwangu ni zito kuliko pesa. Mwaka mmoja jirani alinijia mchana, "Yaya (dada mkubwa), njoo unuse, jikoni gazi inanuka na mtungi wetu ulishaisha asubuhi." Tulipofika, kitufe cha jiko kilikuwa wazi na koki ya mtungi iko wazi. Alfajiri moto ulizima wenyewe kwa baridi, wakaona gesi imekwisha, wakawasha makala (makaa ya kupikia) nje, wakaacha kila kitu kama kilivyo. Jua lilipopanda na jikoni kukapata joto, mtungi ulipata nguvu tena ukaanza kutoa gesi ambayo hakuna moto wa kuila. Tulifunga koki, tukafungua mlango na dirisha, hatukugusa swichi ya taa wala simu, tukawatoa watoto nje, tukangoja hadi harufu ikaisha kabisa.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa: propani ni mara moja na nusu, butani mara mbili. Haipandi darini ikatoka, inashuka sakafuni, inajificha chini ya kabati, inateremka kuelekea mlango wa chumba cha pili. Ikifika asilimia 2 hivi ya hewa ya mahali, cheche moja inatosha. Na majira ya baridi ndiyo majira tunayofunga madirisha na kuziba nyufa za mlango kwa kitambaa. Kwa hiyo, moto ukizima wenyewe, kabla ya jambo lingine lolote funga kitufe cha jiko, kisha funga koki ya mtungi. Hata kama una hakika gesi imekwisha. Hata kama mtungi unaondoka nyumbani saa hiyo. Wafundishe watoto wakubwa na dada anayesaidia kazi, kwa kuwa mara nyingi ndio walio jikoni saa hizo.

Nije kwenye mambo watu wanayofanya ili kuuamsha mtungi, kwa sababu mengine yanaua.

Kusogeza mtungi karibu na mbabula, yaani jiko la makala, hapana. Sijali umeona nani amefanya miaka yote bila ajali. Chuma kikipata joto upande mmoja, presha ndani inapanda bila mtu kuiona, mpira unalainika, na kama kuna uvujaji mdogo kwenye koki, moto uko pale pale unausubiri. Kumwagia maji yanayochemka, hapana pia: joto la ghafla linaumiza koki na mpira wa kuzuia kuvuja, na presha inaruka ghafla. Kuulaza au kuugeuza kichwa chini ili "ya mwisho itoke", hapana kabisa. Ukiulaza, kimiminika chenyewe kinaingia kwenye regulata, kile kifaa cha kupunguza presha tunachokiita detanderi, ambacho kimetengenezwa kupitisha mvuke tu. Kimiminika kidogo kinazaa mvuke mwingi mno, na moto unaoruka jikoni hapo si wa kupikia.

Blanketi halilipuki, ila halisaidii kama watu wanavyofikiri. Blanketi halina joto lake. Linakuhifadhi wewe kwa kuwa mwili wako unatengeneza joto na lenyewe linalizuia lisitoke. Mtungi hautengenezi joto, unalitafuta kwenye hewa. Ukiufunga blanketi wakati unapika, unazuia kile kidogo ambacho hewa ya jikoni ingeupa. Nimewaambia hivi watu wengi na wengi hawakuniamini hadi walipoufungua wakaona moto unapata nafuu.

Kinachosaidia ni kuupa mtungi nafasi ya kupata joto la upole. Usiuweke kwenye saruji tupu. Alfajiri sakafu yetu inakuwa baridi, na chini ya mtungi ndipo kimiminika kilipo. Weka kipande cha ubao imara, kisicho na mtikisiko, mtungi ukae juu yake wima. Uache nafasi pande zote, usiubane kati ya kabati na ukuta, ili hewa izunguke. Kama mtungi wako unalala nje kwenye kizimba cha chuma na mpira unapita ukutani, chagua ukuta unaopata jua la mchana, lakini mtungi wenyewe uwe na kivuli juu yake. Ukuta uliopashwa jioni bado una joto kidogo saa kumi na moja alfajiri. Ila mtungi wenyewe usiachwe ukiungua na jua la Septemba, hilo ni suala la majira mengine.

Asubuhi za baridi kali natumia beseni. Nasimamisha mtungi ndani ya beseni pana, namimina maji ya uvuguvugu, yale ambayo kiganja kinaweza kukaa ndani bila kusita, kiasi cha vidole vinne au vitano kutoka chini. Maji yasifike popote karibu na koki. Maji yanapitisha joto kwenye chuma vizuri sana kuliko hewa. Hata maji ya kawaida ya pipa lililolala ndani ya nyumba yanasaidia, kwa kuwa yana nyuzi 16 au 18 wakati chuma kimeshuka hadi 3 au 4. Dakika chache tu moto unarudi. Yakipoa, badilisha. Ukimaliza kupika, utoe mtungi, ufute ukauke, hasa ile pete ya chini, kwa sababu kutu huanzia hapo na wauzaji wengine wanakataa kupokea mtungi ulioliwa na kutu.

Jambo la pili ni kutoudai mtungi zaidi ya uwezo wake. Mtungi mdogo wa kilo 6 una chuma kidogo cha kupokea joto. Ukiuwashia jiko kubwa hadi mwisho alfajiri ya Julai, utauchosha mapema. Moto wa kati unaodumu unachemsha maji mapema kuliko moto mkubwa unaozima njiani. Kama uwezo unaruhusu, mtungi wa kilo 12 au 13 kwa jiko lilelile unavumilia baridi vizuri zaidi. Kuunganisha mitungi miwili kwa mipira ya kujitengenezea usijaribu. Kuna vifaa maalumu vya kazi hiyo, na fundi anayevijua anajulikana kwa namna anavyokataa kazi ya haraka.

Pia hamisha kazi. Sioni sababu ya kuchemsha maji yote ya kuoga ya familia saa kumi na mbili asubuhi, wakati mtungi uko katika hali yake dhaifu kabisa. Alasiri mtungi ukiwa na nguvu, chemsha maji ujaze termosi mbili nzuri. Asubuhi yatakuwa bado ya moto. Changanya na ya baridi kwenye ndoo, watoto wanaoga, na gesi inabaki kwa chai. Kila sufuria iwe na kifuniko. Weka jiko mahali upepo wa mlangoni hauufikii moto, kwa sababu moto uliosinzia unazimwa na upepo mdogo tu.

Maharagi nayo yanahitaji neno lake. Kwa urefu wa mji huu, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, kwa hiyo maharagi yanakaa motoni muda mrefu kuliko yangekaa Matadi, mji wa bandari ulio chini zaidi. Yaloweke usiku, mwaga maji yale, yachemshe mchana kwa nguvu dakika 20 hadi nusu saa, kisha toa sufuria ikiwa imefunikwa vizuri, ifunge kwa nguo nzito, iweke ndani ya kikapu au sanduku. Hapa ndipo blanketi lina kazi, kwa kuwa sufuria ina joto la kulinda. Baada ya saa mbili au tatu utayarudisha motoni kumalizia kwa muda mfupi. Wanaopika kwa makala wamelizoea jambo hili tangu zamani; kwa gesi watu wanalisahau.

Nikitaja makala, naona watu wengi wakishindwa na baridi ya Juni wanaiacha gesi mpaka Septemba, wanarudi kwenye gunia. Naelewa, na siwalaumu. Lakini kila gunia linaloshuka na baiskeli kutoka porini ni miombo iliyokatwa, na mwenye umri wangu anakumbuka misitu ilikuwa karibu na mji kiasi gani. Na baridi inaleta hatari nyingine: mbabula inaingizwa chumbani usiku ili watu walale na joto. Makala yanayoungua ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Familia inalala, haiamki. Mbabula ibaki nje, hata kama makaa yamebaki mekundu kidogo tu, hata kama mtoto analia baridi. Mpe nguo ya pili, mlaze na mkubwa wake.

Mpira na regulata vikaguliwe mwezi wa Mei, kabla ya baridi. Mpira uliozeeka unakuwa mgumu kwenye baridi na unapasuka pale unapokunjika. Ukunje kwa vidole: ukiona nyufa ndogo, nunua mwingine, na angalia tarehe iliyochapwa juu yake. Paka povu la sabuni kwenye maungio yote koki ikiwa wazi na jiko limefungwa. Bubujiko likikua, gesi inavuja. Kiberiti hakipimi uvujaji, narudia kwa sababu bado kuna watu wanaokitumia. Regulata iwe ya aina inayolingana na koki na gesi ya mtungi wako, isilazimishwe kwa koleo.

Ukienda kununua majira haya, muulize muuzaji gesi yake ni butani tupu au imechanganywa na propani. Wengine hawajui, na hilo nalo ni jibu. Kama ana aina zote mbili na regulata yako inaikubali, chukua yenye propani kwa Juni na Julai. Mimi naweka mitungi miwili. Mpya unafanya kazi ya alfajiri, na ule uliokaribia mwisho nauwekea regulata saa nne asubuhi jikoni kukishapata joto, unapika chakula cha mchana hadi ukwishe kweli, mizani ikionyesha uzito mtupu au gramu chache juu yake.

Na mtungi mpya upime palepale dukani kabla hujalipa. Uzito mtupu uliochapwa, jumlisha kilo za gesi ulizoambiwa, ndio uzito unaopaswa kuuona. Gramu mia moja au mia mbili ni za mizani. Ikipungua nusu kilo au zaidi, omba mtungi mwingine, nao upime.